Mwanafunzi Mwenye Mvi

Asubuhi hii tumepewa nafasi ya kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo zamani lilikuwa la kuchekwa, na ambalo siku hizi limeingia katika nyumba nyingi za waumini wetu: mtu mzima, mwenye watoto na pengine wajukuu, kuingia chuo kikuu na kuketi darasani pamoja na vijana. Hatulisemi kama watu wanaotazama kwa mbali. Sisi tulioandika maneno haya ni kikundi cha wanafunzi 11 wa chuo kimoja, wanawake sita na wanaume watano. Mdogo wetu ana miaka 34 na mkubwa wetu ametimiza 61. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya masomo, hukutana kwa sala katika chumba kimoja karibu na maktaba, na ndimo yalimozungumzwa haya mtakayoyasikia. Anayesoma ni mmoja wetu, lakini maneno ni yetu sote. Na pale ambapo hatukupatana tutawaambia wazi kwamba hatukupatana.

Mtu akitaja elimu ya watu wazima katika nchi hii, wengi hufikiri ngumbaru. Na si ajabu. Mwaka 1979 serikali ilianzisha kampeni kubwa ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma, na mama zetu wakaenda alasiri, wengine chini ya mti, wengine ndani ya makanisa yetu haya haya, wakiwa na daftari na kalamu ya risasi, mtoto mgongoni. Tena ninyi nyote mnakumbuka habari za Mzee Kimani Maruge, aliyejiandikisha darasa la kwanza huko Eldoret mwezi wa Januari mwaka 2004, mwaka mmoja baada ya karo ya shule za msingi kuondolewa, akisema ana miaka 84. Alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe, asisomewe. Kwanza walimcheka, kisha dunia nzima ikaja kumpiga picha, na mwaka 2005 akapelekwa New York kusema habari za elimu mbele ya wakuu wa Umoja wa Mataifa. Alifariki mwezi wa Agosti mwaka 2009, kabla hajamaliza shule ya msingi.

Lakini habari yetu ni nyingine kidogo. Sisi shule tulikwenda. Wengine ni walimu wenye cheti cha P1, mmoja ni muuguzi, wawili ni makarani, mmoja ni askari wa usiku, mmoja ameuza viazi na sukumawiki sokoni kwa miaka 19. Tulifika mahali tukasimama, na kusimama kwetu mara nyingi hakukuwa kwa sababu ya uvivu. Mkubwa wetu alimaliza Kidato cha Sita mwaka 1983, wakati nchi nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, kile cha Nairobi. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984, na cha Kenyatta kikasimama peke yake mwaka 1985. Waliopita mtihani walikuwa wengi kuliko vitanda na viti. Aliyekosa nafasi alitafuta kazi, akaoa, akasomesha wadogo zake, na miaka ikaenda.

Mlango wa watu kama sisi ulifunguliwa polepole, tena kwa sehemu ulifunguliwa kwa redio. Tangu mwaka 1967 kulikuwa na masomo ya posta yaliyotolewa kutoka Kikuyu, katika taasisi ya elimu ya watu wazima ya chuo cha Nairobi, na masomo hayo yaliendana na vipindi vya Sauti ya Kenya. Walimu wengi wasio na vyeti vya kutosha walijisomea hivyo, karatasi mezani na redio ya betri kando yake, wakapanda daraja. Huko Uingereza nako, Chuo Kikuu Huria kilipoanza kufundisha mwaka 1971, masomo yake mengi yalipitia redio na televisheni ya BBC, na wanafunzi wake walikuwa watu wenye kazi zao. Hapa kwetu digrii ya ualimu ya kusomea nyumbani ilianza katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986. Na mwaka 1998 chuo hicho hicho kikaanza kupokea wanaojilipia, waliosoma jioni na mwisho wa juma. Hapo ndipo watu wazima walipomiminika. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kinachofundisha kwa njia ya mtandao, kilipewa hati yake mwaka 2023.

Jirani zetu wa Tanzania walifanya jambo la ajabu zaidi. Mwaka 1974, chama cha TANU kilipokutana Musoma, kiliamua kwamba kijana aliyemaliza Kidato cha Sita asiende moja kwa moja chuo kikuu, bali kwanza afanye kazi na apate barua ya kusifiwa na waliomwona akifanya kazi hiyo. Kwa miaka kadhaa, basi, kule Mlimani Dar es Salaam mtu mzima hakuwa mgeni darasani. Sheria ile ilikuja kulegezwa, na ilikuwa na shida zake, maana si kila msichana aliyepewa miaka miwili ya kungoja aliachwa angoje kwa amani. Hata hivyo sisi tunaona wazo lenyewe lilikuwa na uzito. Mtu aliyewahi kulipwa mshahara mdogo na kuambiwa na mkubwa wake asiyoyapenda, huyo akisoma kitabu cha uchumi anajua kinazungumza habari gani.

Sasa tuwaambie ilivyo. Karibu kila mmoja wetu alipoingia darasani mara ya kwanza, vijana walinyamaza wakafungua madaftari, wakidhani mhadhiri amefika. Mtu ukaenda kuketi nyuma, macho yote yakikufuata. Kisha mhadhiri wa kweli akaingia, kijana aliyevaa viatu vya raba, mkoba begani. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alimtazama huyo mhadhiri wake akamtambua: alimfundisha darasa la nne. Naye mhadhiri alipoita majina alifika kwenye jina lake akasimama, akasema, "Mwalimu, ni wewe?" Tangu siku ile yeye humwita mama huyo Mwalimu, na mama humwita yeye Daktari, na hakuna aliyekubali mwenzake aache. Kazi yake ya kwanza alipewa alama 46 katika 100, na mhadhiri akaandika chini yake kwa wino mwekundu, kwa heshima nyingi, kwamba hoja hazijafuatana. Mama alituletea karatasi ile tukaisoma. Kweli, hoja hazikuwa zimefuatana.

Tulipoitazama karatasi ile mmoja wetu alikumbusha habari ya Apolo, ambayo Luka anaisimulia katika Matendo ya Mitume. Apolo alikuwa mtu wa Iskanderia, mji wa vitabu. Alijua kunena, alijua Maandiko, na watu wa Efeso walikuwa wakimsikiliza katika sinagogi. Waliomsahihisha ni Akila na mkewe Prisila, mafundi wa kushona mahema. Walimchukua kwao, wakamweleza vizuri zaidi, naye akakubali. Luka hatuambii kwamba Apolo alinuna. Twajua kutokana na kazi zetu wenyewe kwamba mtu aliyezoea kusimama mbele ya watu huona taabu kubwa kuketi chini ya aliye mdogo wake. Na chuo kikuu kinaanzia hapo, hata kabla ya kitabu cha kwanza.

Wasikilizaji, mwili nao una maneno yake. Kijana husoma ukurasa mara moja akaenda kucheza mpira; sisi twasoma mara tatu, na asubuhi theluthi moja imekwenda zake. Miwani ya duka la kando ya barabara haitoshi kwa herufi ndogo. Masomo ya jioni huanza saa kumi na moja na nusu, baada ya kazi, yakaendelea mpaka saa mbili na nusu usiku. Ukipata matatu mapema utafika nyumbani saa nne, na asubuhi saa kumi na moja umeamka tena. Askari wetu wa usiku yeye hugeuza: atoka kazini saa kumi na mbili asubuhi, alala mpaka saa tano, asoma mpaka jioni, aja darasani, kisha arudi lindoni moja kwa moja. Tulipomwuliza atawezaje, alisema Nikodemo naye alikuwa mwalimu wa Israeli na bado alikwenda kwa masomo ya usiku. Tulicheka sana. Lakini ni kweli, Nikodemo alikwenda usiku, na maswali aliyouliza ni ya mtu mzima asiyeona aibu kuonekana hajui.

Jambo gumu ambalo wengi hawalitegemei ni hili: yale tuliyoyaona maishani hutusaidia na pia hutuzuia. Muuguzi wetu alikuwa darasani siku mhadhiri alipofundisha habari za kipindupindu. Yeye aliwahi kuhudumu katika hema la wagonjwa wa kipindupindu, usiku na mchana, akiwanywesha maji yenye chumvi na sukari na kuwatundikia chupa. Mhadhiri alimpa nafasi, naye akazungumza dakika 20, na vijana hawakugusa simu zao. Ilipokuja mitihani, swali la kipindupindu likatoka; akaandika yale yale, kurasa nne, na alama zikawa chache kuliko za kijana aliyekaa kando yake ambaye hajawahi kumwona mgonjwa hata mmoja. Kwa sababu gani? Kwa sababu mtihani wa chuo kikuu hauulizi tu uliona nini. Unauliza pia ni nani amelichunguza jambo hilo, aligundua nini, kwa njia gani, na wewe unalipimaje neno lake. Mtu aliyeona kwa macho hudhani kuona kwake ni ushahidi wa kutosha. Mwanzoni jambo hili lilituudhi. Baadaye tumeona lina haki yake, kwani hata katika mashauri ya wazee wa kanisa neno la shahidi mmoja halitoshi. Muuguzi sasa huandika yote mawili, aliyoyaona na yaliyoandikwa, na yanapopingana hulitaja hilo. Na humo ndimo alama zake zimepanda.

Somo la takwimu ndilo linalotuliza machozi. Tusiseme mengi. Aliyetuokoa ni yule muuza viazi, kwa sababu kwa miaka 19 ameandika bei ya gunia kila siku ya soko, na anajua moyoni mwake tofauti ya bei ya wastani na bei iliyotokea mara nyingi zaidi, kabla hajafundishwa majina yake.

Na vijana je? Kabla ya kuingia tuliwaogopa. Tulidhani watatudharau. Wengine hutuita Mzee na Mama, wengine hawatuiti chochote, na kwa jumla wametutendea mema kuliko tulivyowatendea wazee wetu tulipokuwa na umri wao. Taabu ni saa. Kazi ya kikundi wao huifanya saa tano usiku, wakiwa vyumbani mwao, wakipelekeana maneno kwa simu; saa hiyo sisi tumelala au twampikia mtu uji wa dawa. Wao wametufundisha kompyuta, hasa baada ya mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga madarasa yote na masomo yakahamia kwenye mtandao. Msichana mmoja wa miaka 20 alikaa na mama wa watu jioni nzima akimwonyesha namna ya kufungua darasa katika simu, wala hakuonyesha kuchoka. Tumewalipaje? Tumewaletea githeri. Tena wachache wametujia faraghani kutuuliza mambo ya nyumbani kwao ambayo hawawezi kumwuliza mzazi, nasi tumejaribu kujibu.

Tumefika sasa mahali panapouma, yaani nyumbani.

Karo ya chuo hulipwa kwa muhula, na kwa kawaida asiyemaliza hapewi kadi ya mtihani. Mtu mzima hana baba wa kumpigia simu. Kuna mkopo wa chama cha akiba, kuna mtamba wa kuuza, kuna Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa mwaka 1995, ambayo hukopesha hata walioajiriwa wanaotaka kujiendeleza. Lakini mkopo wote huo unakatwa katika mshahara ule ule unaonunua unga. Mwenzetu mmoja, karani, alifika mwezi wa Januari akiwa na fedha za karo moja tu. Karo zilizodaiwa ni mbili: yake yeye, ambaye alibakiza muhula mmoja tu amalize digrii, na ya kijana wake aliyekuwa akiingia Kidato cha Tatu. Mkewe alimwambia, "Baba watoto, maliza wewe kwanza. Ukipanda cheo tutawalipia wote." Yeye akakataa. Alimlipia kijana, akaenda chuoni kuandika barua ya kuahirisha masomo. Aliporudi baada ya mwaka, karo ilikuwa imepanda, darasa lake lilikuwa limekwisha ondoka, na somo moja alilobakiza halikufundishwa muhula ule, akangoja tena.

Hapa ndipo hatukupatana, na mpaka leo hatujapatana. Wengine wetu husema mke alikuwa na haki: kijana wa miaka 16 akipoteza muhula mmoja ataurudisha, lakini mtu wa miaka 50 miaka yake inahesabika. Wengine husema mtoto hakuomba azaliwe na mwanafunzi. Jambo la ajabu ni kwamba pande zote mbili hushika fungu moja la Injili, lile la mtu atakaye kujenga mnara, ambalo Bwana alilisema katika Luka sura ya 14. Hawa husema: hesabu gharama kwanza, kama huna ya kumlipia mtoto usianze. Wale husema: msomeni mpaka mwisho, aliyechekwa ni yule aliyeacha jengo bila kulimaliza. Karani mwenyewe hukaa kimya tukibishana. Siku moja tu alisema kwamba hakufikiri fungu lolote asubuhi ile; alimwona kijana amevaa sare tangu saa kumi na moja, ameketi juu ya sanduku lake mlangoni, naye akashindwa kupita.

Kwa akina mama mzigo ni mwingine. Mwenzetu mmoja alipomwambia mumewe kwamba amepata nafasi ya kusoma wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba, kama walimu wengi wafanyavyo, mume alinyamaza muda mrefu, kisha akamwuliza, "Ukishahitimu, utanisalimia?" Ndugu wanaume mnaotusikiliza, tafadhali msilicheke swali hilo. Mtu huyo aliachia darasa la saba ili wadogo zake wasome. Alikuwa ameona katika kijiji chake mke wa mtu akisoma, kisha nyumba ikavunjika, na watu wakasema ni vitabu vilivyoivunja. Kwa mwaka mzima mama huyu alifungia vitabu vyake shuleni anakofundisha, maana vikionekana mezani nyumbani ugomvi ulianza. Majirani nao walisaidia moto: likizo gani hii, mwanamke kulala mjini majuma matatu?

Aliyelegeza jambo hilo hakuwa mchungaji, ingawa mchungaji alijaribu. Mama alianza kumpa mumewe karatasi za matokeo azione yeye wa kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote, pamoja na risiti za karo. Mume hakuelewa kila neno, lakini alielewa nambari. Muhula mmoja alama zilishuka, akamwuliza mkewe kwa nini. Mke akamwambia hana mahali pa kusomea. Juma lile mume alipiga misumari meza katika kona ya chumba. Hatusemi kwamba nyumba ile sasa haina maneno. Maneno yapo. Lakini vitabu vimerudi nyumbani.

Tuwaambie na habari ya mbuzi. Miaka michache iliyopita mmoja wa waliotutangulia katika kikundi hiki alimaliza masomo yake ya miaka minne, na siku ya kufuzu ikatangazwa. Ndugu zake walikodi matatu kutoka mashambani, mama yake mzee akashonewa nguo, mbuzi akanunuliwa. Siku tatu kabla ya sherehe orodha ya majina ikatolewa, na jina lake halikuwamo. Alikimbia ofisi hii na ile. Akaambiwa kwamba alama za somo moja, alilofanya mwaka wa pili, hazionekani katika kitabu. Mtihani aliufanya, sahihi yake ilikuwapo katika karatasi ya waliohudhuria; aliyesahihisha alikuwa amekwisha hamia kwingine. Jambo hili la alama kupotea lawapata wanafunzi wengi, vijana kwa wazee, lakini kijana hubaki chuoni akafuatilia kila siku, na mtu mwenye kazi huomba ruhusa ya saa mbili akakuta ofisi imefungwa kwa chakula cha mchana.

Familia iliuliza ifanye nini. Matatu ilikuwa imelipiwa. Mama yake mzee akasema mbuzi hakufanya kosa lakini hata hivyo ataliwa, maana mwanawe alisoma miaka minne na hilo halikupotea pamoja na alama. Basi wakaja, wakala, wakaimba, bila joho wala kofia. Mwaka uliofuata alama zilionekana, jina likatoka, akaenda kufuzu siku ya kazi akiwa na mkewe tu, wakarudi nyumbani na basi la jioni. Twawausia wote wanaoanza: kila muhula chukueni matokeo yenu yakiwa yameandikwa, na yawekeni pamoja na cheti cha ndoa.

Watu hutuuliza, kwa haki kabisa, faida yake ni nini. Tangu mwaka 2009 mtumishi wa serikali katika Kenya hustaafu akiwa na miaka 60. Zamani ilikuwa 55. Aingiaye chuo na miaka 48 akamaliza na 52, amebakiza miaka minane ya kuitumia digrii yake kazini, na kupandishwa cheo hakuji kwa sababu ya karatasi peke yake. Ukiitia karo yote katika hesabu, na riba ya mkopo, kuna wenzetu ambao kwa fedha hawatarudisha. Mkubwa wetu amekwisha staafu. Yeye hatapata senti moja. Tulimwuliza mbele ya wote: kwa nini basi? Alijibu kwamba mwaka 1983 alifunga sanduku la vitabu vyake akamwambia mama yake kwamba atalifungua akipata nafasi.

Nelson Mandela alianza kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand mwaka 1943, asimalize. Alisoma kwa posta akiwa kifungoni, mara kwa mara akikatizwa, na digrii ya sheria aliipata kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989, akiwa bado mfungwa, naye amefika miaka 70. Kwa wakati ule hakuwa na hakika kwamba atawahi kuitumia nje ya malango yale. Hatumtaji ili tujifananishe naye. Twamtaja kwa sababu watu waulizao faida yake ni nini hufikiri kwamba mwanafunzi mzima ni mtu aliyekosea hesabu, na mara nyingi amekwisha fanya hesabu hiyo usiku, zaidi ya mara moja, na amesoma jibu lake vizuri.

Hata hivyo hatutaki kumsukuma mtu. Yuko aliyeingia kwa sababu jirani ameingia, akakopa, akaacha katika muhula wa pili, na mkopo hauachi. Kabla hujalipa chochote, uliza kama chuo na somo lile vinatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Uliza vyeti ulivyo navyo vyakuingizia mlango gani. Anayekosa wastani wa C+ katika mtihani wa Kidato cha Nne mara nyingi aweza kuanzia stashahada kisha apande. Uliza karo yote mpaka siku ya kufuzu ni kiasi gani, wala si ya muhula wa kwanza tu. Kisha keti na watu wa nyumba yako, hata watoto, uwaambie nini kitapungua mezani.

Neno letu la mwisho ni kwa makanisa. Mara nyingi shirika husikia habari za mwanafunzi mzima siku mbili tu: siku ya kumwombea anapoanza, na siku ya harambee. Katikati huonekana kama mtu aliyepoa, kwa sababu haji tena kwaya ya Jumatano na kamati ya maendeleo humngoja bure. Wawili wetu waliondolewa katika uzee wa kanisa kwa njia hiyo, pasipo kuulizwa. Kuna shirika moja tunalolijua lililofanya vingine. Wazee wake walitazama wakaona kwamba vestri ina meza, viti sita na umeme, na kwamba kuanzia saa moja jioni, siku nne za juma, haina mtu. Wakatoa nakala ya ufunguo. Leo huketi humo walimu wawili wa likizo, fundi wa magari anayesoma stashahada, na wasichana wa Kidato cha Nne ambao nyumbani kwao hakuna taa. Chama cha akina mama huleta chai siku za mitihani. Gharama ya umeme ilizungumzwa katika mkutano wa mwaka. Mtu mmoja alilalamika, wakapiga kura, ikapita.

Jumamosi hii saa tatu asubuhi tuna mtihani wa takwimu, sote isipokuwa wawili. Mtukumbuke katika sala zenu saa hiyo.